Dereva Aliyeshuka Akiongoza

Ndugu zangu, asubuhi ya leo sitawapeleka shambani wala zizini. Nitawapeleka kwenye lami. Naona hata vijana wa viti vya nyuma wameinua vichwa.

Kule Ufaransa kulikuwa na dereva wa mbio za magari, tumwite Firmin. Huu ni mfano, msiende kumtafuta kwenye simu zenu. Baba yake alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa maneno machache. Firmin alipofika miaka tisa, mzee alimnunulia kigari cha mashindano kilichochakaa, wakawa wanakifumua na kukifunga upya kila Jumamosi mpaka siku kilipowaka. Alipofika miaka ishirini alikuwa tayari anaendesha magari makubwa ya mbio. Alipofika ishirini na nne aligonga ukuta, mguu wa kulia ukavunjika mahali patatu, na madaktari wakamshauri atafute kazi ya kukaa mezani. Alijifunza kutembea upya kwa miezi minane. Kisha akarudi kwenye usukani.

Lakini alirudi mtu mwingine. Aliingia kwenye zile mbio ndefu za saa sita, ambazo gari moja huendeshwa na madereva wawili kwa kupokezana, na huko ndiko sifa yake ilikotoka. Firmin hakuwa na kasi kuliko wote. Ila gari likitoka mikononi mwake lilikuwa zima: breki hazijachemka, matairi hayajaliwa upande. Aliweza kuwaambia mafundi, kwa kuhisi tu kupitia kiti chake, kwamba nati ya gurudumu la nyuma imeanza kulegea. Wakikagua, wanaikuta hivyo hivyo. Mafundi walimpenda sana mtu huyu.

Misimu kumi na tisa alifanya hivyo, na timu yake ikashinda mara kumi na nne. Sasa niwaulize, katika mara zote hizo kumi na nne, nani alipita chini ya bendera ya ushindi? Mwenzake. Zamu ya mwisho siku zote hupewa mwenye kasi zaidi. Firmin alikuwa anasimama kando ya njia, taulo shingoni, anapiga makofi. Je, hakuumia? Aliumia, naye ni mtu wa nyama na damu. Alikuwa na hamu moja iliyobaki: apite yeye mwenyewe chini ya ile bendera, hata mara moja, baba yake akimwona.

Alipofika miaka arobaini na sita akatangaza kwamba anastaafu. Meneja wa timu, mama aitwaye Odile ambaye walianza naye kazi zamani, akamwita akamwambia kwamba safari hii watageuza utaratibu. Corentin, kijana aliyekuwa akipokezana naye, ataanza, Firmin atamalizia. Na Corentin mwenyewe ndiye aliyekwenda kuomba iwe hivyo. Firmin akaitikia kwa kichwa. Baba yake, mzee wa miaka themanini na moja sasa, akaletwa, akakalishwa jukwaani mbele kabisa ya mstari wa mwisho.

Siku ikafika. Corentin alikabidhi gari likiwa la pili. Firmin akaingia, akaendesha vizuri kuliko alivyowahi kuendesha maishani. Akampita wa kwanza kwenye kona ya mteremko, watu wakasimama. Zilipobaki dakika arobaini, alikuwa anaongoza kwa sekunde kumi na mbili.

Mwisho wa njia ile ndefu iliyonyooka, pale ambapo gari linakwenda kilomita mia mbili na themanini kwa saa, kulikuwa na kibao cha manjano cha kumwonyesha dereva mahali pa kushika breki. Firmin alikipita bila kukiona. Alishtukia yuko ndani ya kona, gari linayumba, akalikamata kwa shida. Jukwaani watu walishangilia, wakidhani ni ujasiri. Mzunguko uliofuata akakitafuta kwa makusudi. Akagundua jicho lake la kushoto lina ukungu pembeni. Mzunguko wa tatu, ukungu umeongezeka. Na mbele yake kulikuwa na kundi la magari ya polepole, ambayo ilimbidi ayapite yakiwa upande huo huo wa kushoto.

Nani alijua? Hakuna. Mitambo ya timu ilikuwa inasoma joto la injini, upepo wa matairi na mafuta yaliyobaki. Hakuna mtambo uliosoma jicho la Firmin. Angeweza kunyamaza. Wewe uliyekaa hapo ungefanyaje?

Akabonyeza redio.

"Odile, mwandae Corentin. Naingia."

"Gari lina nini?"

"Gari halina kitu. Ni mimi. Jicho la kushoto halioni vizuri."

Odile akamuuliza kama ana hakika, maana zimebaki dakika thelathini na tano tu na mzee yuko jukwaani. Firmin akamjibu kwamba anajua mzee alipo.

Akaingia. Corentin alikuwa amekwisha kuvua hata viatu vya mbio, ikabidi avae huku anakimbia. Firmin akamfunga mikanda kwa mikono yake mwenyewe, akamwinamia na kumwambia kwamba breki za mbele bado zina nguvu, asiziogope. Akarudi nyuma hatua mbili. Gari likaondoka.

Hawakushinda. Muda uliopotea ulikuwa mwingi, Corentin akamaliza wa tatu, akashuka analia. Kesho yake daktari aligundua kwamba kishipa ndani ya jicho la Firmin kimeziba. Angeendelea mizunguko michache tu, asingeliona gari lililo ubavuni mwake, na ndani ya lile gari kuna mtoto wa mtu.

Lakini jioni ile, kabla ya daktari kusema lolote, baba yake alishuka jukwaani polepole na fimbo yake. Firmin akaanza kumwomba radhi.

"Nilikuja kukuona unamaliza," mzee akamkatiza. "Nimekuona."

Ndugu zangu, sisi tunajua kumsifu anayeng'ang'ania. Tuna wenyeviti wa vikundi wasioweza kuachia daftari. Tuna akina baba wenye wana wa miaka arobaini ambao hawajaruhusiwa kuamua hata wapande nini. Tunaita huo uaminifu. Firmin alikuwa anaongoza, na alikuwa na haki ya kile kiti. Akashuka, kwa sababu alipenda usalama wa wengine kuliko haki yake.

Msigeuke kutazamana. Nilipoanza mfano huu mlidhani nawatafuta wazee wa baraza. Nimesimama kwenye mimbari hii miaka ishirini na saba. Mwezi uliopita nilifungisha ndoa hapa nikamwita bibi harusi kwa jina la dada yake, mkacheka kwa heshima. Mama Ndeshi alilazwa wiki tatu, nami niliahidi mara mbili kwenda kumwona na mara mbili nikasahau kabisa. Ninyi hamkujua. Mimi nilijua.

Nimekwisha kumwandikia Askofu. Mchungaji Elinami, panda hapa, ibada hii imalizie wewe. Mzee Kirita, naomba unisogelee kidogo kwenye benchi hilo, nipate kukaa.