Yai la Mfalme Tai na Jiwe la Salamu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika nusu nusu? Wakubwa nao waitike, ngano hii si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, tulieni. Anayetaka kuchekeshwa aende nyumba ya pili, leo sina kichekesho.

Hapo zamani za kale ndege walikuwa na mfalme. Mfalme wao alikuwa Tai. Ikulu yake ilikuwa juu ya jabali, juu kabisa, huko ukungu unakolala na kuamkia. Baridi, baridi, baridi. Ukipumua, unaiona pumzi yako.

Lakini ukoo wa Tai haukuanzia huko. Babu zake walikaa bondeni, kwenye nchi ya joto. Na kule bondeni kulikuwa na mila. Malkia akitaga, yai la mrithi hutolewa kiotani kila asubuhi. Huwekwa juu ya jiwe, na ndege wote wa baraza hupita mmoja mmoja, wanaliinamia, wanalisalimu. Jiwe la bondeni lilikuwa la moto kama kikaango. Yai lilipata joto pale kuliko hata kifuani pa mama. Mila njema. Siisemi vibaya.

Ukoo ukapata nguvu, ukahamia jabalini ili uonekane na kila mtu. Mila ikapanda mlima pamoja nao. Jua halikupanda.

Mmenielewa? Basi twende.

Siku ya ikulu ilianza kwa Kigong'ota. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga ngoma. Aligonga gogo kwa mdomo wake: ngo, ngo, ngo. Mfalme ameamka. Korongo walinzi wakajipanga mlangoni. Chiriku wakaimba sifa. Kisha Mfalme akainamisha kichwa, na Waziri Kunguru akamchana manyoya ya shingoni, pale ambapo mdomo wa mwenyewe haufiki. Kazi yenyewe ni ya kutoa chawa. Lakini ndege waliionea wivu kuliko kazi zote, maana anayechana shingo ya Mfalme yuko jirani na sikio la Mfalme.

Waliobaki kazi yao ilikuwa kugombania nafasi. Nani apite mbele, nani afuate, nani asimame karibu na mlango. Heroe na Hondohondo walinuniana msimu mzima kwa ajili ya hatua moja. Hatua moja, watu wazima na midomo yao mikubwa.

Malkia aliitwa Kipanga. Alikuwa bado kijana. Mfalme alimpenda. Nasema alimpenda, na siongezi chumvi ngano ipate kunoga. Vijiti vya kiota chake alimletea mwenyewe kwa kucha zake, kazi ambayo wafalme hawaifanyi.

Kipanga akataga yai la kwanza. Ngo, ngo, ngo. Yai likatolewa, likawekwa juu ya jiwe, likasalimiwa, likarudishwa. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Yai halikuanguliwa. Akataga la pili. Likatolewa, likasalimiwa, likarudishwa. La pili nalo halikuanguliwa.

Barazani wakaanza kunong'ona. Wakampa Malkia jina la kisirisiri, wakamwita Tumbo Baridi. Akipita, wanainama. Akishapita, wanacheka.

Waziri Kunguru hakunong'ona. Kunguru alikuwa amelea makinda mengi, alijua fika yai linataka nini. Lakini Kunguru alikuwa na binti wa kulea, Mwewe, binti mzuri mwenye mkia wa panda, na alikuwa akimpitisha mbele ya Mfalme mara kwa mara kama mtu anayepita njia yake tu. Kwa hiyo Kunguru akatoa shauri moja zuri mno. Akasema heshima ya mrithi haitoshi, foleni iongezwe, hata ndege wadogo wa vichakani wapewe nafasi ya kusalimu. Ndege wadogo wakamshukuru kwa machozi. Foleni ikawa ndefu, na yai likakaa kwenye baridi zaidi.

Na sheria ya ukoo ilikuwa hii: malkia akishindwa mara ya tatu, ananyonyolewa manyoya ya mbawa, anasukumwa jabalini. Kipanga alikuwa amebakiwa na yai moja.

Akalitaga. Safari hii akatuma mtu chini, majanini, akamwite Mama Kwale. Kwale huyu hakuwa na cheo. Sifa yake ilikuwa watoto. Akipita na wanawe, nyasi zote zinatikisika kana kwamba kuna upepo. Akapanda jabali kwa miguu, akihema, akafika kiotani asubuhi, yai likiwa limetoka kurudishwa. Akaligusa kwa kifua. Akaruka nyuma.

Akamuuliza Malkia yai hili limetoka wapi saa hizi. Malkia akamweleza yote, ngoma, jiwe, foleni, salamu. Mama Kwale akaligusa yai tena.

"Bibi yangu," akasema, "nani alikwambia una tumbo baridi? Tumbo lako ni zima. Jiwe ndilo lenye baridi."

Kipanga akalia. Akasema hata yeye alihisi hivyo, na safari moja aliomba foleni ipunguzwe. Kunguru akasimama barazani akasema Malkia hataki wanawe waheshimiwe. Tangu siku hiyo hakufungua mdomo.

"Mimi nitaufungua wangu," akasema Mama Kwale.

Akaenda barazani. Korongo wakamsimamisha mlangoni, wakataka kumfundisha namna ya kuinama, bawa gani likunjwe kwanza na shingo ipindwe wapi. Akawaambia hakuja ngomani. Akapita katikati ya miguu yao mirefu, akasimama mbele ya Mfalme.

"Baba Mfalme, wanao wamekufa kwa baridi. Unawatoa kitandani mwenyewe."

Hata Chiriku walinyamaza, na hao hawanyamazi. Mama Kwale akaeleza habari ya jiwe la bondeni na jiwe la jabalini, kwa maneno machache, kama anavyoeleza mtu anayejua. Mfalme akasikiliza. Kisha akauliza ni nani mwingine anayejua jambo hili.

"Kila aliyewahi kuatamia. Yaani nusu ya hawa waliosimama hapa."

"Mbona hawakuniambia?"

"Waulize wao. Mimi nimefika leo."

Mfalme akawatazama ndege wake. Kila mmoja akaanza kusafisha bawa. Basi Mfalme akaamuru ngoma isilie tena, yai lisitolewe, mpaka siku zake za kuanguliwa zitimie. Likianguliwa, Malkia atakaa. Lisipoanguliwa, sheria ni ile ile. Wote wakainama, na aliyeinama chini kuliko wote ni Waziri Kunguru.

Ikawa kimya jabalini. Asubuhi ilikuja bila ngoma. Kipanga aliatamia, na Mama Kwale alimfundisha kuligeuza yai, kulifunika mvua inapopiga, kula haraka na kurudi. Alimfundisha pia kusema na yai, maana kinda hujua sauti ya mamaye kabla ya kujua jua.

Siku moja, mchana, Kipanga akasikia kitu chini ya kifua chake.

Ko.

Akatulia.

Ko, ko, ko.

Mama Kwale akaita, Mfalme akaja mbio bila mlinzi, bila mwimba sifa, manyoya yamevurugika. Akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye ganda. Ko, ko, ko. Mfalme Tai akacheka peke yake kama mtoto.

"Sikilizeni anavyogonga," akasema, "kama mwenye nyumba."

Akamfunika Kipanga kwa bawa lake. Akamwambia kesho au kesho kutwa watakuwa watatu. Kipanga akalala usingizi siku hiyo, usingizi wa kweli, wa kwanza tangu aolewe.

Natamani ningeishia hapa. Nikiishia hapa nitakuwa mwongo.

Kulipokucha, Mfalme akainamisha shingo, na Kunguru akaanza kuchana. Akachana upande huu, akachana upande ule. Akampongeza Mfalme kwa habari njema. Akasema ndege wote wanazungumza furaha hiyo. Kisha akasema, polepole, kwamba wanazungumza na jambo jingine.

"Yai hili likianguliwa, Mtukufu, watauliza yale mawili yaliuawa na nani."

Kunguru akaendelea kuchana.

"Watajibu wenyewe. Watasema baba yao. Na mfalme aliyekosea hivyo, kesho nani atamwogopa? Mwana mwingine atapatikana. Jina jingine halipatikani."

Mfalme akafumba macho, shingo yake bado imeinama. Akakaa hivyo mpaka ukungu ukaanza kufunguka. Kisha akainuka, akasema aitwe Kigong'ota.

Ngo, ngo, ngo.

Kipanga alisikia ngoma, akadhani anaota. Korongo wawili wakaingia. Akalifunika yai kwa mbawa zote mbili. Wakamnyanyua, wakalichukua, wakaliweka juu ya jiwe. Asubuhi hiyo jiwe lilikuwa na umande ulioganda. Foleni ilikuwa tayari, ndefu kuliko zote. Kipanga akamfuata Mfalme, akamshika bawa.

"Mume wangu, lisikilize. Jana ulilisikia."

Mfalme Tai akatazama mbele.

"Sikusikia kitu," akasema.

Foleni ikaanza kupita. Kunguru wa kwanza, kama kawaida. Akainama. Ko, ko, ko. Akainuka, akapita. Heroe akainama. Ko, ko. Akainuka, akapita. Hondohondo akainama. Ko, ko. Akapita. Kila aliyeinama alisikia, maana sauti ilitoka hapo hapo chini ya mdomo wake. Mama Kwale akajitupa juu ya jiwe alifunike yai kwa mwili wake. Korongo wakamtoa. Akarudi. Wakamtoa kwa nguvu, wakamvunja bawa.

"Lisikilizeni," akawa anawaambia akiwa amebanwa chini ya mguu. "Nyie si mnazaa? Mtu mmoja tu aseme amesikia."

Ikafika zamu ya Kigong'ota. Kugonga ndiyo kazi yake tangu azaliwe, hakuna ndege anayejua mlio huo kama yeye. Akainama.

Ko.

Akabaki ameinama. Wa nyuma yake wakaanza kumsukuma.

Ko.

Kigong'ota akamtazama Mfalme. Mfalme alikuwa anamtazama yeye. Kigong'ota akainuka, akapita.

Walioinama baada yake hawakusikia kitu. Hao peke yao ndio walioweza kusema kweli siku hiyo, na hakuna aliyewauliza.

Siku zilipotimia, Kunguru akatangaza kwamba yai la tatu limeshindwa. Wakamleta Kipanga ukingoni, wakamnyonyoa manyoya ya mbawa, unyoya mmoja mmoja. Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia. Wakamuuliza ana neno gani la mwisho kwa Mfalme, wakitumaini ataomba msamaha, maana wanaohukumiwa ikulu huomba msamaha hata kwa wasilofanya, ili jamaa zao waachwe salama. Kipanga akasema hana neno kwa Mfalme. Akaomba yai lake tu.

Wakatazamana. Mfalme akatikisa kichwa kukubali. Wakampa. Akaliweka kifuani, akalipasha joto kwa muda, kama mtu mwenye kazi yake na hana haraka. Alikuwa akisema nalo, lakini upepo ulikuwa mkali, na Mama Kwale peke yake ndiye aliyesikia. Alisema, "Mama yupo. Mama yupo." Kisha akatembea mwenyewe. Hakusukumwa.

Mfalme akamwoa Mwewe. Mwewe naye akataga. Sasa Mfalme angefanyaje? Akiizuia ngoma, amekiri. Hakuizuia. Mwewe alilia kama alivyolia mwenzake, na Kunguru, aliyekuwa amengoja kuitwa babu wa mfalme, akawa anainamia mayai ya mwanawe kila asubuhi na kuyasikia yakipoa. Angesema nini? Tai akazeeka bila mrithi. Alipokufa, ndege walitazamana, hakuna aliyemwamini mwenziwe. Kila mmoja akaenda kwenye mti wake. Mpaka leo ndege hawana mfalme.

Na Mama Kwale? Alishuka jabali akiburuta bawa. Ndiyo maana uzao wake haupendi kuruka juu, hutembea majanini, na mayai yake huyaficha chini ya nyasi asiyaone mtu, hata mtu anayekuja na heshima.

Naona mtoto pale anataka kuuliza kwa nini ndege wengine hawakusema. Usiniulize mimi, mwanangu. Waulize wakubwa waliokaa nyuma yako, wana majibu mazuri kuliko yangu.

Funzo lake nalisema wazi, sikulifunga kwenye kitambaa. Mkubwa asiyekubali kuambiwa amekosea atamzika mwanawe ili aliokoe jina lake, na mwisho atakosa vyote viwili. Na wewe uliyesikia ukanyamaza, usiseme hukuwepo. Ulikuwepo kwenye foleni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia aende nayo kwake, na asiipunguze njiani.