Pimbi Agombea Uenyekiti wa Walimu

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekaa?

— Tumekaa, na mikia tumeikunja!

Basi tegeni masikio.

Hapo kale wanyama wa Bonde la Mtunguja walikuwa na shule, na shule haikuwa na paa. Jua likiwaka, linamwakia mwalimu. Mvua ikinyesha, inamnyeshea mwalimu. Walimu wakaunda chama, wakamchagua Kiboko awe mwenyekiti, kwa sababu ya ule mdomo wake.

"Nitakwenda kwa Mfalme Simba!" Kiboko alinguruma kila mkutano. "Nitamwambia tunataka paa! Paa! Paa!"

Mwalimu Paa, aliyefundisha hesabu, akadhani anaitwa, akasimama. "Nipo, Mwenyekiti."

Kiboko akaenda kwa Simba, akarudi bila paa. Akaenda tena, akarudi bila paa, ila tumbo limeongezeka.

Sasa, palikuwa na Mwalimu Pimbi, yule mnyama wa miambani asiyemzidi sungura kimo. Alifundisha darasa la kwanza kuandika. Akakuna sikio. "Mbona sauti inakwenda, paa haliji, na tumbo ndilo linalokua?"

Udadisi ukamwasha kama upupu. Kiboko alipofunga safari ya tatu, Pimbi akamfuata, nyatu nyatu nyatu, akajibanza kwenye ufa wa jiwe karibu na baraza la Simba.

Akamwona Kiboko amepiga magoti.

"Mfalme," Kiboko alinong'ona, "walimu wako hawana neno. Mvua wanaipenda."

"Wanaipenda?"

"Mno! Wanasema inawaburudisha."

Simba akafurahi, akamsukumia rundo la matikiti. Kacha! Kacha! Kacha! Kiboko akayamaliza, akalamba na maji yaliyomwagika chini.

Pimbi akarudi anawaza. Nikisema, nani ataniamini mimi? Kesho yake akatangaza kwamba anagombea uenyekiti.

Kiboko alicheka hadi mto ukafurika. "Wewe? Simba akipiga chafya utapeperuka!"

"Huenda, Mheshimiwa. Lakini siku ya kampeni, tafadhali nguruma kama ulivyozoea. Walimu wanapenda."

"Nitanguruma mpaka majani yapukutike!"

Kisha Pimbi akaenda kwa Simba. "Mfalme, Mwenyekiti Kiboko atahutubia kesho. Huwa anakutaja sana."

Simba alipenda kutajwa. "Ananitaja vipi?"

"Kwa sauti kubwa, Mfalme."

"Nitakuja kusikiliza."

Siku ikafika, manyunyu yanadondoka. Kiboko akapanda kichuguu, akafungua mdomo. "Ndugu walimu! Simba nitamwambia—"

Jicho likamwangukia Simba, amekaa mbele kabisa, manyoya yamechanwa vizuri.

"—nitamwambia... shikamoo."

"Sauti!" walimu wakapiga kelele.

"Endelea," alisema Simba. "Utaniambia nini?"

"Kwamba... walimu wanapenda mvua."

Mwalimu Nungunungu, miiba inachuruzika maji, akageuka huku na huku. "Nani? Mimi?"

Ikawa zamu ya Pimbi. Alifungua mdomo, pakatoka pumzi tupu. Akafungua tena. "Kwiii!" Hata yeye alishtuka, hakujua kama ana sauti ile.

"Mfalme! Namwomba mwanao, mwanafunzi wangu, aandike jina lako ubaoni."

Mtoto wa Simba akashika chaki. Akaandika S, akaandika i, akaandika m, akaandika b, akaandika a. Tawi lililoinamia ubao likadondosha maji, tap! Herufi ya kwanza ikayeyuka.

"Imba," walimu wakasoma.

Mwalimu Paa, ambaye ni mtiifu, akaanza kuimba.

Simba akasimama, manyoya yamemtimka. "Jina langu limekwenda wapi?"

"Limelowa, Mfalme," alisema Pimbi. "Kila siku linalowa, na sisi tunalowa nalo. Hatuipendi mvua. Tunataka paa."

Simba akamgeukia Kiboko. "Si uliniambia wanaburudika?"

Kiboko alikuwa ameshaingia mtoni, yamebaki masikio tu juu ya maji.

Walimu wakapanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Nyuma ya Pimbi mstari ulizunguka kilima. Nyuma ya Kiboko hakukuwa na mtu, kwa kuwa Kiboko mwenyewe hakuwapo.

Kabla masika hayajakolea, shule ilikuwa na paa la mabati. Kiboko akarudi kufundisha. Hadi leo analalamika kwamba mvua ikigonga mabati, wanafunzi hawamsikii.

Ngano imetua. Iliyompendeza aondoke nayo.

Na funzo lake, watoto, ni hili: ukitaka kuwasemea walimu, kuwa mnene, kuwa na mdomo mpana, na usiwe mdadisi hata kidogo.

Mbona mnanitazama hivyo? Ndivyo alivyonisimulia Kiboko.