Babu Aliyelala Kibuyuni

Hapo zamani za kale, kabla kuku hajahamia kwa binadamu, Nguchiro alikuwa na nyumba nzuri ndani ya kichuguu, na alikuwa na mchumba. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, nasimulia.

Mchumba aliitwa Zamda, binti ya nguchiro mmoja wa ng'ambo ya kilima, Mzee Songoro. Mzee huyo alikuwa na sharti moja tu.

"Sitaki mbuzi, sitaki majembe," alisema. "Mwezi ukiwa mpevu, niletee kibuyu cha pombe ya nanasi uliyotengeneza kwa mikono yako. Kijae! Kikipungua hata funda moja, Zamda anaolewa na Kicheche."

Na Kicheche mnajua anavyonuka.

Maskini Nguchiro! Hakuwahi kutengeneza pombe maishani mwake. Lakini alimenya nanasi, akatwanga, akakamua, akajaza kibuyu. Kwa kuogopa nzi, akaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi la mahindi, akalikandamiza kwa kisigino, akakiweka karibu na moto.

"Tulia hapo, harusi yangu," akakiambia.

Siku chache baadaye, amejilaza mchana baada ya kula, mara PAA! Gunzi likaruka, likakwama darini. Puuu! Povu likajaa nyumba nzima. Nguchiro akatimua mbio hadi mtoni, akipiga kelele, "Wezi! Wezi jamani!"

Aliporudi hakukuta mwizi. Akakuna kichwa. Akalamba ukuta.

"Kumbe!" akasema. "Pombe inapumua! Nimeiziba pumzi, imekasirika."

Akaanza upya, na safari hii gunzi akalilegeza. Pombe ikapumua vizuri: bwii, bwii, bwii. Harufu ikatoka, ikavuka shamba, ikafika kwa Kiboko na Nyati.

Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: jirani akikuta pombe inachachuka, haondoki bila kuonjeshwa. Ni desturi nzuri sana, kama jirani yako ni panya.

"Hodi!" Kiboko akaingiza kichwa mlangoni, mwili ukabaki uani. "Tumekuja kuonja, kijana."

"Wazee wangu, haijaiva."

"Tutajuaje kama haijaiva bila kuonja?" akasema Nyati, akichungulia dirishani.

Gubu, gubu, gubu! Kibuyu kikabaki nusu. Kesho yake wakarudi kuonja tena. Na keshokutwa. Nguchiro akikamua, wao wanaonja. Kuificha haikuwezekana, maana harufu ya nanasi iliwaongoza hadi uvunguni.

Mwezi ukakaribia kujaa. Nguchiro akalala chali, akalia kwa uchungu wa kweli, akimwona Zamda jikoni kwa Kicheche, amejiziba pua. Ndipo macho yake yakaangukia lile gunzi la kwanza, bado limekwama darini. Akaacha kulia.

Akakamua vibuyu viwili. Kimoja akakilegeza gunzi, akakificha nyuma. Cha pili akakiziba kwa kisigino, akakisogeza motoni, akangoja mpaka gunzi lilipoanza kuinuka mdomoni.

"Hodi! Waonjaji tumefika!"

"Shhh!" Nguchiro akaweka kidole mdomoni. "Babu yangu yumo ndani ya kibuyu."

"Babu yupi?" akauliza Nyati. "Si alikufa?"

"Alikufa, ndiyo. Ndiye anayenichachulia pombe. Hamkumsikia juzi akikoroma, bwii, bwii?"

Nyati akanong'ona: "Nilimsikia mimi."

"Mbona leo kimya?" akauliza Kiboko.

"Amenuna. Anasema kuna watu wanamnywea posa ya mjukuu wake. Lakini nyinyi ni waonjaji tu, mnaogopa nini? Mtikiseni, mumwombe radhi, kisha mwonje."

"Tikisa wewe!" wakamwambia Nguchiro.

"Mimi? Sijaonja hata tone!"

Kiboko hakutaka kuitwa mwoga. Akakibana kibuyu kwa midomo yake minene, akatikisa: chaka, chaka, chaka! Akakitua chini, akakiinamia.

"Babu, radhi, ilikuwa kuonja tu..."

PAA! Gunzi likapita dirishani, likamgonga Nyati katikati ya pembe. Povu likamjaa Kiboko puani. "Chiii! Nakufa!" Akajivuta kwa nguvu, akaondoka na mlango shingoni. Nyati alikuwa keshafika bondeni, analia, "Babu, nitakulipa nanasi!"

Hawakuonja tena. Mwezi ulipokuwa mpevu, Nguchiro alifikisha kibuyu kwa mkwewe, kimejaa pomoni. Mzee Songoro akaonja, akafumba macho.

"Zamda ni wako," akasema. "Sasa tuizibe vizuri, isubiri wageni." Akachomeka gunzi, akainua kisigino.

Nguchiro akamshika Zamda mkono. "Baba mkwe," akasema kwa adabu, "wewe ziba tu. Sisi tutakungoja nje."

Basi wanangu, kosa ukishalielewa halikuumizi tena, linakulinda.