Kutu ya Pikipiki ya Maalim

Hapo zamani, zamani ambayo wajukuu wa watu wake wangali hai, alikuwapo Korogwe mwalimu wa dini aliyeitwa Maalim Semkiwa. Ujana wake aliumaliza juu ya pikipiki ya buluu, akizunguka vijijini kuwasomesha watoto Kurani. Pikipiki ikazeeka, ikaliwa na kutu, ikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Maalim naye akazeeka, akafiwa na mkewe, ikawa hawezi tena kuishi peke yake.

Watatu walitaka akae kwao: Semboja, mwanawe, fundi bati, Mwajabu, bintiye, mchoraji wa vibao vya maduka, na Mwanamvua, mjane wa marehemu mwanawe wa mwisho. Kila mmoja aliona kumtunza mzee yule ni baraka, na hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake.

Maalim akasema, "Atakayenirudishia pikipiki yangu, hata ikiwa ya kukaa kiganjani, nitahamia kwake."

Semboja akashika mkasi wake wa bati. Akakata, akakunja, akalehemu, hata magurudumu yakazunguka na usukani ukageuka. Akaipaka buluu, akampelekea babaye.

Maalim akaitazama. "Ni nzuri, mwanangu. Lakini hii imetoka dukani leo. Yangu ilikuwa mgonjwa."

Mwajabu akacheka. "Kaka, umemletea mzee bibi harusi. Nipe mimi niizeeshe."

Akaipaka rangi ya kutu. Ilipokauka, akailowesha na kuinyunyizia chumvi ya jikoni, kisha akagusagusa buluu juu yake kwa sifongo. Chumvi alipoipangusa, buluu ikabanduka nayo, kutu ikachungulia kila mahali. Akamalizia kwa vumbi la tofali kwenye pembe za injini.

Maalim akatabasamu. "Sasa tunalingana uzee. Lakini bado ni ya jirani. Hainijui."

Ikabaki dirishani, chumbani kwa Maalim. Mwanamvua alikuja kukifagia chumba. Hakujua kukata bati wala kushika brashi, na tumaini la kumpata mzee lilikwisha kumtoka. Alipoiona pikipiki akahuzunika: zawadi ya juzi tu, unyevu umeshaila. Akaleta ndimu na majivu. Akasugua tangi ubavu huu, akasugua ubavu wa pili, bati likang'aa. Ndipo alipoona kitambaa kimejaa rangi, akaelewa kwamba kutu ile ilikuwa ya kupakwa.

Akamwendea mkwewe, macho chini. "Baba, niwie radhi. Nimeharibu kazi ya wenzangu."

Maalim akaipokea. Vidole vyake vikatua pale palipong'aa, vikapapasa ubavu huu na ule.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hapa ndipo yalipokaa magoti yangu. Kanzu ilipasugua miaka yote, kutu haikupata nafasi. Hii ndiyo yangu."

Wakaitwa wote watatu.

Semboja akasema, "Basi twende kwangu, Baba. Bila bati langu, kutu ingeshika wapi? Na shemeji angesugua nini?"

Mwajabu akasema, "Bati lako Baba alilikataa mchana kweupe. Kutu yangu imemdanganya mwanamke anayesugua masufuria kila siku. Kosa lake ndilo ushahidi wangu."

Mwanamvua akasema, "Mimi sikukusudia, wala sijisifu. Lakini ninyi mlifanya kazi ili mumpate. Mimi nilisugua kwa kuona kitu chake kinaharibika, nami sikutarajia kupata chochote. Na alipoitambua, ilitoka mkononi mwangu."

"Wifi," akasema Mwajabu, "kwa mtu asiyejisifu, umejisifu vizuri sana."

Wakacheka, na Maalim akacheka kuliko wote.

Sasa mzee amefunga kibunda chake, amekaa kizingitini, pikipiki kiganjani, roho yake imetulia. Anajua kwamba katika nyumba zote tatu atapata uji wa moto na msala safi wa kuswalia. Lakini maisha yake yote amewafundisha watu kutimiza ahadi, na nyumba aliyoahidi ni moja. Kwa hiyo msimwambie azizunguke zote. Amekataa kuinuka mpaka aamuliwe aende kwa nani.

Haya, nyinyi mliosikia: ni nani aliyemrudishia Maalim pikipiki yake? Aliyeiunda, aliyeizeesha, au aliyeiharibu?