Kutu ya Kila Jumamosi

Mtu mmoja, jina lake Ntandu, alikuwa na gari kuukuu na mke mwenye kidonda. Gari lilikuwa pikapu nyeupe iliyokwisha kugeuka rangi ya vumbi, na kijijini kwao hapakuwa na gari jingine. Mke aliitwa Zilpa. Kidonda chake kilikuwa chini ya unyayo wa kushoto, na kwa kuwa alikuwa na kisukari, hakikutaka kupona. Kila Jumanne ilimpasa kufika hospitali ya misheni, ng'ambo ya mbuga, kidonda kisafishwe na kufungwa upya. Muuguzi alikuwa amewaambia wote wawili, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba Jumanne zikipotea, mguu nao utapotea. Kwa hiyo gari lile halikuwa anasa. Lilikuwa mguu wa Zilpa.

Nchi yao ni nchi ya maji ya chumvi. Kisima kilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni kwa Ntandu, lakini maji yake yalikataa povu la sabuni na kuacha ukoko mweupe ndani ya sufuria. Maji matamu yalipatikana chemchemini, nyuma ya vilima viwili, mwendo wa saa moja na nusu na punda. Hayo ndiyo watu waliyokunywa. Gari la Ntandu lilikuwa likivuja maji ya kupozea injini kidogo kidogo, likitaka kuongezewa kila baada ya siku mbili tatu, naye alilitilia maji ya kisima. Zilpa alipomuuliza, alimjibu kwamba gari si mtu, halina ulimi wa kuonja. Wakacheka wote wawili. Siku hizo bado walikuwa wakicheka.

Mwaka wa tatu gari lilianza kuchemsha kila lilipopanda mlima. Ntandu akalipeleka kwa fundi Athmani, aliyekuwa na karakana yake penye njia panda. Athmani akafungua kifuniko cha rejeta, akatumbukiza kidole, nacho kikatoka chekundu kama kidole cha mfinyanzi. Hakuuliza mengi. Akamwaga maji yote, akaisuuza injini mara tatu, akatia maji ya kijani ya rejeta yanayouzwa mjini. Kisha, kwa kuwa kutu ya miaka haitoki kwa siku moja, akaukata mpira mmoja unaopitisha maji ya injini, na katikati yake akafunga kikopo cha chuma chenye chujio la wavu ndani. Gari halikutoka kiwandani na kitu kama hicho. Athmani alikuwa ameagiza viwili, na kimoja alikwisha kukifunga kwenye gari la mteja wa mbali. Akamwonyesha Ntandu namna ya kukifungua, kukiosha na kukirudishia. Akamwambia kwamba chujio litanasa kutu iliyobaki isije ikaziba rejeta, na kwamba maji yakipungua aongeze ya chemchemi au ya mvua, ya kisima yasiliguse tena. Ntandu aliitikia kila neno, lakini macho yake yalikuwa kwenye kikopo.

Jumamosi ya kwanza alikifungua, akakuta matope mekundu ya kujaa kijiko. Akayamwaga juu ya jiwe bapa karibu na lango, akayatazama, na moyo wake ukawa mwepesi. Akamwita Zilpa aje aone. Jumamosi iliyofuata akawaita na majirani. Jirani mmoja akasema kwamba gari la Ntandu limeokoka, sasa linatubu kila Jumamosi ili Jumapili liingie kanisani likiwa safi, na watu wakacheka, na Ntandu akacheka kuliko wote. Ikawa desturi. Kila Jumamosi asubuhi alikunja mikono ya shati, akafungua, akamwaga, akaosha, akafunga.

Na maji? Yalipopungua, Ntandu alikusudia kweli kwenda chemchemini. Lakini vilima vilikuwa viwili, na kisima kilikuwa hatua thelathini. Akajiambia kwamba mara moja haidhuru, kwa kuwa chujio lipo. Mara ya pili hakujiambia kitu.

Zilpa, aliyekuwa akikaa kibarazani na mguu wake juu ya kigoda, aliyaona yote hayo. Alimwambia mumewe siku moja kwamba mtu akifagia uwanja kila siku na takataka hazipungui, lazima ajiulize zinatoka wapi. Ntandu akamjibu kwamba uchafu ukitoka mwingi ndiyo dalili ya chujio zuri. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anaamini.

Jumamosi moja Athmani alipita kuwasalimu, akaona juu ya jiwe kichuguu cha kutu kilichokauka, kimefika kimo cha kikombe. Akachuchumaa, akachota kutu kidogo, akaisugua baina ya vidole vyake.

“Mzee Ntandu,” akasema, “hiki unachokimwaga si uchafu wa gari. Hiki ni gari lenyewe.”

Ntandu aliogopa. Siku ile ile akamwaga maji yote, na kesho yake akafunga madumu juu ya punda akaenda chemchemini. Akafanya hivyo wiki nne. Na katika wiki hizo nne, alipofungua chujio, alikuta chembe chache tu, kisha akakuta maji matupu. Majirani walikuja mara moja wakaangalia, wakaona hakuna cha kuona, hawakuja tena. Ntandu alirudi kutoka vilimani na magoti yanauma, akafungua kikopo, na hakukuwa na chochote cha kumwonyesha kwamba ametenda jambo. Alijiona kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Aliikumbuka kutu. Aliukumbuka ule wepesi wa moyo uliokuja kila alipoimwaga. Wiki ya tano hakwenda. Jumamosi chache baadaye chujio likatoka jekundu tena, na amani ikamrudia.

Ilikuwa Jumanne ya kiangazi, katikati ya mbuga, mshale wa joto ulipopanda mpaka mwisho. Mvuke ukatoka, kisha injini ikapiga kelele kama chuma kinachokwaruza chuma, ikanyamaza. Ntandu akashuka, akasubiri ipoe, na jambo la kwanza alilofanya ni kufungua chujio. Lilikuwa safi, alikuwa ameliosha Jumamosi. Akalishika mkononi asielewe, huku Zilpa akikaa ndani ya gari, mguu wake juu ya furushi la nguo, akiitazama njia iliyobaki. Alasiri lilipita lori la mkaa, likielekea kule walikotoka. Likawarudisha nyumbani.

Gari lilipokokotwa hadi karakanani, Athmani aliifungua injini kwa siku mbili. Njia za maji zilikuwa zimelika. Mapanga ya pampu ya maji yalikuwa yamebaki membamba kama majani makavu, na sehemu ya juu ya injini, maji yalikuwa yametoboa chuma na kuingia kwenye oili. Hakuna kilichoweza kushonwa wala kuunganishwa. Chujio peke yake ndilo lilikuwa zima. Lilikuwa limefanya kazi yake yote, bila kukosa hata siku moja.

Jumanne iliyofuata walijaribu pikipiki, lakini kila korongo liliutonesha mguu, na Zilpa akaomba wageuze kabla ya kufika nusu ya njia. Jumanne ya tatu hawakupata chochote. Ya nne, waumini wenzao waliazima gari kijiji cha mbali, wakampeleka. Wakati huo kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, na vidole vimekuwa vyeusi. Daktari alimkata mguu chini ya goti.

Ntandu alikaa kando ya kitanda na kulia. Hakuwa mnafiki, machozi yake yalikuwa ya kweli, na maneno yake yalikuwa ya kweli. Alisema yote: maji ya kisima, vilima viwili, wiki nne. Alimwomba mkewe msamaha. Na alipokwisha kusema, akafuta uso, akavuta pumzi, na kitu kikalegea kifuani mwake. Zilpa akauona uso wake ukinyooka. Aliufahamu uso ule. Aliuona kila Jumamosi.

Akamwambia kwa sauti ndogo kwamba alikwisha kumsamehe, siku nyingi. Kisha akamwomba amkandie unyayo wa kushoto kidogo, kwa maana bado ulikuwa unamuuma. Ntandu akanyoosha mkono chini ya shuka, mkono ukapapasa, usikute kitu.

Ndugu zangu, sisi tunaoliungama kosa lile lile kila juma na kurudi nyumbani na moyo mwepesi, je, tumewahi kuuliza ni nani anayelika?