Mfalme Humega, Hakwangui

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, wanangu. Aliyenipa ngano hii tumemzika juzi, na hakupenda kuitikiwa kinyonge. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Mungu amlaze pema. Nami nitakwenda polepole, kama alivyokwenda yeye.

Hapo kale, kale ya babu wa babu, palikuwa na kijiji mlimani, na kijiji kilikuwa na mfalme. Jina lake Kirumbi. Hakuwa mfalme mbaya. Shikeni hilo, maana wengi wakisikia mfalme na kodi hudhani wameshaijua hadithi. Kirumbi aliwapenda watu wake. Jua lilipowachoma misimu miwili mfululizo, hakulala. Alipanda mlima mwenyewe, akaiona chemchemi, akasema, "Tuchimbe mfereji. Maji yashuke mpaka mashambani."

Watu wakafurahi. Lakini mchimbaji hachimbi kwa njaa. Chakula kitoke wapi? Mfalme akatoa amri: kila nyumba yenye moshi, yaani kila nyumba inayowasha jiko, itoe kapu moja la mtama. Moshi mmoja, kapu moja.

Aliyetumwa kukusanya aliitwa Kajiru. Mtu wa mbio, mtu wa sauti. Alikwenda nyumba kwa nyumba na fimbo yake. Ko! Ko! Ko!

"Nyumba hii ina moshi?"

"Ina moshi."

"Kapu moja! Moshi ni moshi!"

Akamwaga, akabeba. Nyumba ya pili. Ko! Ko! Ko!

"Kapu moja! Moshi ni moshi!"

Mnanisikia?

Tunakusikia!

Akafika kwa Namkunda. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, nyumba yake juu kabisa, karibu na msitu. Ko! Ko! Ko! Moshi ulikuwepo, tena mwembamba. Kajiru akafungua ghala, akachota, akachota, mpaka mkono ukagonga udongo. Kapu halikufika hata nusu. Akainua macho. Juu ya jiko palining'inia kibuyu, cheusi kwa masizi.

"Na kile?"

"Ile ni mbegu, baba. Nimeitundika kwenye moshi isiliwe na wadudu. Mbegu si chakula."

"Mfalme hakutaja mbegu wala chakula. Alitaja kapu."

Akakitungua kibuyu. Chwaaa! Mtama ukashuka. Kapu likajaa, na kibuyu akakitupia juu yake pamoja na mbegu zilizobaki ndani.

"Mvua i karibu," Namkunda akasema. "Nitapanda nini?"

"Hilo iulize mvua," akajibu Kajiru, naye huyo, akaenda zake.

Kweli, mvua ilikuwa karibu. Nyuma ya mlima ilikwishaanza kunguruma. Ngurrr. Ngurrr. Mwenye mbegu hufurahi akisikia sauti ile. Namkunda aliisikia, akakaa chini mlangoni.

Kisha akainuka, akajifunga kanga ya kiunoni, akaenda kwa Mzee Mbonea.

Mbonea alikuwa mwamuzi wa kijiji. Mtu mrefu, wa maneno machache. Alikuwa na desturi aliyorithi kwa wazee wake: hakukata shauri akiwa ameshiba. Kesi aliisikiliza asubuhi, kabla hajaonja kitu, akisema kwamba tumbo lililojaa halisikii vizuri. Na kabla ya kuketi aliinua mikono, akamwomba Mungu amzuie asimwogope mtu wala asimwonee mtu.

Njiani majirani wakamcheka Namkunda.

"Unakwenda kwa Mbonea? Mbonea mwenye maghala yaliyojipanga kama ng'ombe zizini?"

"Yeye naye katoa kapu moja tu, sawasawa na wewe. Amri hii imemnenepesha. Leo akuamulie wewe?"

Namkunda akawapita. Akafika, akaeleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, unamshtaki Kajiru?"

"Kajiru ni mkono tu, baba. Namshtaki mwenye mkono."

Kuku wakapita. Moshi wa jikoni ukapita.

"Unajua unalolisema?"

"Nalijua. Naogopa. Lakini watoto wangu wakiuliza chakula sitawajibu kwamba niliogopa."

Mbonea akainuka. Akaenda nyuma ya nyumba, akachuma jani la isale. Jani lile, wanangu, ndilo lililokuwa wito wa baraza. Aliyewekewa isale miguuni alipaswa kuja, awe nani awe nani. Lakini tangu kijiji kiwe kijiji, jani lile halikuwahi kuwekwa miguuni pa mfalme.

Mzee akalibeba mwenyewe. Akapita katikati ya walinzi, taratibu, fimbo mkono huu, jani mkono huu. Akaliweka chini mbele ya Kirumbi.

Walinzi wakacheka. Mfalme hakucheka.

"Nani ananiita?"

"Namkunda."

"Namkunda yupi?"

"Mjane wa kule juu. Yule ambaye kapu lako limekula mbegu zake."

"Na nisipokuja?"

"Basi jani litakaukia hapo lilipo, mwanangu, na kila apitaye ataliona."

Ngurrr, mlima ukasema.

Asubuhi yake watu walijaa kiwanja cha ng'ombe, mahali pa baraza. Hakuna aliyeachwa nyumbani ila moto. Katikati ilitandikwa ngozi moja ya ng'ombe. Hiyo nayo ilikuwa desturi: wenye kesi huketi juu ya ngozi moja, bega kwa bega, mkubwa asimtazame mdogo kutoka juu.

Namkunda alikwishaketi. Mkononi alikuwa na kibaba kitupu cha kupimia mtama, hakujua akiweke wapi.

Mfalme akaja. Mbele mikuki, nyuma kiti chake cha mti mweusi, kimebebwa na watu wawili.

Mbonea akasema, "Kiti kibaki nje, mwanangu."

Wanangu, aliyenisimulia alikuwa akifika hapa anashusha sauti. Akisema: hata mbuzi walinyamaza. Mfalme alisimama. Akaitazama ngozi. Akamtazama mzee. Mzee hakuinamisha macho, wala hakuyakaza. Alimtazama kama baba anavyomtazama mwana aliyechelewa kula.

Na Mfalme Kirumbi akakunja magoti, akashuka. Akashuka mpaka ngozi. Akaketi karibu na mjane, bega kwa bega.

Watu wakasema, "Eeeh!" Pumzi moja ya kijiji kizima. Kikongwe mmoja akaanza kulia, na hata ungemuuliza analilia nini asingeweza kukwambia.

"Sema, mama," akasema Mbonea.

"Sikatai kodi. Maji nayataka mimi pia. Lakini nimekwanguliwa, baba. Sina cha kutia ardhini."

"Sema, mfalme."

Kirumbi akasema, na alisema vizuri. "Mfereji ni wa wote. Maji hayatachagua shamba la tajiri wala la maskini. Basi nimewatoza wote sawa. Kapu moja, kapu moja. Ningemtoza huyu kidogo na yule kingi, mngesema napendelea. Nimekosa wapi?"

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Neno lilikuwa zito. Kajiru akapaza sauti kutoka nyuma, "Moshi ni moshi!"

"Wewe, kapu lako huongea sana," mama mmoja akamwambia, na watu wakacheka kidogo, kwa woga.

Mbonea akangoja kicheko kiishe.

"Mfalme, siku uliposimikwa ulifanya nini?"

"Nilionja vyungu."

"Waeleze. Wapo waliozaliwa baadaye."

"Kila nyumba ilileta chungu chake cha ugali, vikapangwa hapa. Nikapita, nikaonja kila kimoja."

"Ulionjaje?"

"Kwa mkono. Nilimega."

"Kwenye chungu changu ulimega kiasi gani?"

Mfalme akatabasamu. "Chungu chako kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Nilimega tonge zima. Liliniunguza."

"Na kwenye chungu cha mama yake Namkunda? Kilikuwa kidogo, cheusi, na mdomo uliovunjika."

"Nakikumbuka. Nilimega kidogo. Kama ukucha."

"Kwa nini kidogo?"

"Kwa sababu kilikuwa kidogo!"

"Nani alikuambia?"

"Hakuniambia mtu. Niliona."

"Na chini ya chungu uligusa?"

Mfalme akainamisha kichwa. Watu wakamtazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapana. Wazee mlisimama nyuma yangu. Kila chungu mliniambia maneno yale yale."

"Maneno gani?"

"Mfalme humega, hakwangui."

"Kwa nini hakwangui?"

"Kwa sababu ukoko wa chini ni wa watoto wa nyumba."

Mbonea akainuka. "Ndiyo sheria ya kodi, mwanangu. Hatuna nyingine. Ulitoza sawa kwa kapu, lakini kapu lako kwangu halikugusa hata mdomo wa ghala, na kwa huyu liligonga udongo. Mkono mmoja ulimega, mkono huo huo ukakwangua. Mbegu ndiyo ukoko wa nyumba."

Basi hapo mfalme akapandwa na hasira. Ni mtu, wanangu. Akasimama juu ya ngozi, na mikuki ikasimama naye.

"Mzee! Neno langu ndilo sheria ya kijiji hiki!"

Kila mtu akarudi nyuma hatua. Namkunda akafumba macho. Mzee Mbonea, ambaye hakuwa na kitu tumboni wala silaha mkononi, akamsogelea mpaka kifua chake kikakaribia mkuki.

"Hapana, mwanangu. Wewe ulilishwa sheria. Uliila mbele yetu, chungu kwa chungu. Imo ndani yako. Sisi tunakukumbusha tu."

Kirumbi akautazama mkono wake. Mkono wa kulia. Akaufungua, akavitazama vidole, kana kwamba ule ugali bado umo. Alivitazama muda mrefu.

Akaketi tena.

"Amua, baba," akasema.

Mbonea akapiga fimbo juu ya ngozi. Pu!

"Mbegu zirudi leo. Hazitaguswa tena na mkono wa mfalme yeyote, hata mwaka wa vita."

Pu!

"Kodi ibaki. Mfereji uchimbwe. Lakini itolewe kwa ghala, si kwa moshi. Mwenye ghala lililojaa atoe kapu. Mwenye mengi atoe mengi. Asiye na ghala lililojaa atoe siku zake za kuchimba, naye alishwe na kodi hiyo."

Pu!

"Na mfalme akitaka kuongeza, aje kwanza kwenye ngozi hii, aseme sababu, watu wasikie."

Kajiru hakuweza kujizuia. "Je, wewe, mzee? Maghala yako yale?"

"Nenda na makapu yote," akasema Mbonea. "Anzia kwangu."

Mke wa Mbonea akashika kichwa. "Baba wee! Umetukata mguu wetu wenyewe!"

"Shoka lilikuwa mkononi mwangu, mama. Ningelishushia mguu wa nani?"

Hapo watu walicheka kicheko cha kweli. Waliomsengenya mzee jana walitazama chini.

Mfalme hakumtuma Kajiru. Alikwenda mwenyewe kwenye ghala la kodi, akakitafuta kibuyu cheusi kwa masizi, akakijaza mpaka shingoni. Akakibeba. Akapanda nacho kilima kwa miguu, Namkunda mbele, kijiji chote nyuma, na masizi yakamchafua vazi lake jeupe. Hakuyafuta. Akakitundika juu ya jiko kwa mkono wake.

"Usikitundike, mfalme," Namkunda akasema. "Kishushe. Napanda sasa hivi."

Akapanda. Majirani waliomcheka wakashika majembe pamoja naye. Ngurrr, mlima ukasema. Punje ya mwisho ilipofunikwa, tone la kwanza likaanguka. Ta! Ta! Ta-ta-ta! Mvua ya Mungu, isiyouliza nani ana moshi.

Mfereji ulichimbwa. Maji yalishuka. Miaka ikapita, kama ipitavyo. Mzee Mbonea akafa. Wenye haki nao hufa, wanangu. Mungu huwaita, sisi tukabaki na maneno yao. Kirumbi akamfunika kwa ile ngozi ya baraza, wakatandika nyingine. Baadaye Kirumbi naye akafa.

Wakamsimika mwanawe. Vyungu vikapangwa kiwanjani. Kijana akapita akionja, na wazee nyuma yake, kila chungu, "Mfalme humega, hakwangui." Akafika kwa ajuza mmoja. Ajuza huyo ni Namkunda. Kijana alikwishasimuliwa habari zake, akaogopa. Akanyoosha vidole viwili, akamega chembe isiyotosha kuku.

Namkunda akamshika mkono.

"Baba, ndiyo nini hiyo?"

"Mama, nisije nikakwangua."

"Chungu hukukitazama? Mimi si yule tena. Maji ya babako yamepita shambani mwangu na wanangu wana maghala." Akausukuma mkono wa mfalme ndani ya chungu mpaka kiganja. "Mega kama mtu!"

Kijiji kikacheka mpaka kikalia. Mfalme akamega tonge kubwa. Likamuunguza. Na chini hakugusa.

Basi wanangu, mtawala anayo haki ya kula kwenye chungu chako, maana mfereji haujichimbi. Lakini atazame chungu kabla ya kutia mkono. Na pawepo ngozi ya kumketisha, na mtu asiyeshiba wa kumkumbusha.

Nami nilipoachiwa hadithi ndipo hapa. Nimemega nilichomega, ukoko uliobaki ni wenu.