Kapu la Mama Lugano

Kapu kitini halishiki mkono.

Mmeisikia leo asubuhi kwa Sista mkuu, mkatazamana, mkacheka. Nimewaona. Wanafunzi wa uuguzi wa siku hizi kucheka mnakuweza, kuuliza ndiyo kazi. Haya, mmekuja kuuliza, si haba. Vuteni benchi, na wewe mwenye simu iweke mfukoni. Mimi sikusomea uuguzi. Nimepiga deki wodi ile ya saratani miaka ishirini na mitatu, na mambo mengi yamepita mbele ya ndoo yangu. Hili lenyewe nililiona, na nisiloliona nilisimuliwa na mwenyewe baadaye, tukichambua maharage nyumbani kwake. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo mama mmoja wa huko milimani kwenye migomba, jina lake Tusekile, ila watu walimwita Mama Lugano kwa jina la mwanawe wa pekee. Mumewe alishafariki, na huyo Lugano alikuwa Mtwara, kazini bandarini. Kijijini kwao Mama Lugano ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi cha akina mama cha misiba. Ukifiwa, yowe la kwanza halijaisha, yeye ameshafika na mkeka kwapani. Anaketi na mfiwa, analala naye chini, anamlisha uji kwa kijiko, siku tatu, siku nne, mpaka mfiwa mwenyewe aseme, basi dada, nenda ukapumzike. Kijiji kizima kilikuwa kimeshalia begani kwake.

Basi akapatwa na saratani ya titi. Akapasuliwa, kijijini akasingizia jipu. Akaambiwa atapewa kemo, ile dawa ya mshipani, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Hakumwambia mtu. Mnashangaa? Msishangae. Mwaka mmoja kabla, mzee jirani yake aliugua ugonjwa huohuo, na Mama Lugano aliyaona kwa macho yake. Watu walikuwa wanaingia kumsalimia mzee kwa sauti za chini, kama vile ameshakufa, na wadogo zake wakaanza kuipima migomba yake kwa hatua, yeye mwenyewe akiwatazama dirishani. Mama Lugano akaapa: mimi hawaniwekei matanga nikiwa hai. Akaaga kwamba anakwenda mjini kutafuta vitenge vya kuuza, akapanda basi peke yake.

Sasa wodi yetu ilikuwa na sheria. Mgonjwa wa kemo haji peke yake, kwa sababu dawa ile huweza kumlegeza mtu akaanguka njiani. Lazima awe na msindikizaji. Kando ya kila kiti cha mgonjwa palikuwa na kiti cha plastiki cha huyo msindikizaji, na kwenye kadi palikuwa na mahali pa kuandika: yupo, hayupo. Asiye naye alirudishwa nyumbani akamtafute.

Siku ya kwanza, Sista Fausta akamwuliza, "Msindikizaji wako yuko wapi, mama?"

Sista Fausta alikuwa muuguzi hodari, mwepesi, mikono yake ikitafuta mshipa inaupata. Mama Lugano akageuka, akaona kapu lake alilolitua juu ya kile kiti cha plastiki. Akajibu, "Ametoka kidogo kununua chai."

Sista Fausta akalitazama kapu, akaandika: yupo.

Ninyi wenyewe mnaijua mila yetu. Kanisani, msibani, hata kwenye basi, ukikuta kapu juu ya kiti, hukai. Kiti kina mwenyewe. Huulizi ni nani wala atarudi saa ngapi, maana kuuliza ni kumfanya mwenzio mwongo. Kapu lile likaheshimiwa kama mtu mzima. Mimi nililizunguka na dekio langu nikasema "samahani". Cheka tu, we binti, lakini niliomba radhi kwa kapu.

Mara ya pili alikuja amejiandaa. Ndani ya kapu alijaza magazeti ya zamani lipate tumbo, juu akakunja sweta la marehemu mumewe, pembeni akasimamisha chupa ya chai. Akalipanga kitini kabla Sista hajafika. Hakuulizwa tena. Yupo.

Dripu ile ilikuwa inachukua saa tatu, saa nne. Huku mwanamke anafutwa mdomo na dada yake, huku mume anamenyea mkewe machungwa na wanagombana kwa sababu ya mbegu. Mama Lugano anasikiliza. Wakati mwingine alinyoosha mkono, akaugeuza ule mkono wa sweta, upande huu, halafu upande ule, ili anayepita aone kwamba kuna mtu ameinuka sasa hivi tu. Aliniambia kwamba kuna siku alijisahau akaushika kabisa, akakaa nao hivyohivyo mpaka dripu ikaisha. Alikuwa na upweke, wanangu, upweke wa mtu aliyezoea kuketi na wenzake wote.

Dawa ikiisha alikwenda gesti moja karibu na stendi, akalala siku tatu na ndoo pembeni. Alikuwa anatapika hata maji. Lugano, aliyeambiwa ni presha tu, akipiga simu, "Shikamoo mama, presha inaendeleaje?" yeye anaifuta midomo, anajibu, "Marahaba, imeshuka, baba." Simu ikikatika anasikia wapangaji wengine wanacheka kwenye korido. Alikuwa anatamani mtu akosee mlango, agonge kwake, amwombe radhi, aondoke. Hakukosea mtu.

Na wodini je? Wodini alikuwa anataniana na kila mtu. Nywele ziliponyonyoka alisema sasa amepunguza gharama za kusuka, watu wakacheka mpaka sindano nusura ziwachomoke mishipani. Akija mgonjwa mpya anayetetemeka, Sista Fausta alimkalisha jirani na yeye. "Mtazame Mama Lugano," anasema, "huyu ana moyo wa chuma." Na Mama Lugano, kwa mazoea ya kwao ya msibani, anamshika yule mgeni mkono, anamwambia utazoea, mdogo wangu, pumua. Asubuhi wauguzi wakipita, "Hujambo, shujaa wetu?" "Sijambo." Wanakwenda kwa anayelia. Anayelia ndiye mwenye shida, si ndivyo mnavyofundishwa?

Ikafika dripu ya nne. Siku hiyo Mama Lugano alikuwa ameshaamua moyoni kwamba ndiyo ya mwisho. Mdomo ulikuwa umejaa vidonda, chakula kilikuwa na ladha ya chuma, na hakuona sababu ya kwenda kuugulia gesti mara mbili nyingine. Daktari alishamwambia tangu mwanzo kwamba kuacha njiani ni sawa na kupalilia ukaacha mizizi. Alikuwa anajua. Alikuwa amechoka tu.

Wodi ilijaa sana siku ile. Akaletwa mama mmoja mpya, na mumewe amesimama hana pa kukaa. Sista Fausta akaja mbio. "Mama Lugano, samahani, huyu baba akae hapa kidogo, wako akirudi nitamtafutia kiti." Akalibeba kapu. Alikuwa amejiandaa kwa uzito, mkono ukapaa nalo juu. Chupa ikaanguka, kifuniko kikabingirika mpaka kwenye ndoo yangu. Haikumwaga hata tone. Ndani ilikuwa kavu, ina utando wa buibui.

Sista Fausta akaiokota. Akaitazama chupa, akayatazama magazeti. Akamwonyesha yule baba kiti kingine kule mwisho, kisha akarudi.

"Mama," akasema taratibu, "msindikizaji wako anaitwa nani?"

Mama Lugano akafungua mdomo atunge jina. Halikuja.

"Nimekuandikia yupo mara nne."

"Uliandika wewe," Mama Lugano akajibu. "Mimi sikushika kalamu." Halafu akasema, "Usijisumbue, Sista. Leo namaliza. Sirudi tena."

Na hapo Sista Fausta akakosea, kama ambavyo ninyi nyote mngekosea. Akampigapiga begani, akatabasamu lile tabasamu la kazini. "Aka, wewe tena? Wewe shujaa wetu! Wenzako wakikusikia watasemaje?"

Loo! Mama Lugano aliinuka kitini na dripu yake. Mimi nilidhani ataing'oa.

"Shujaa, shujaa! Tangu mniite shujaa, nani ameniuliza kama natapika? Wewe umeniuliza? Unaniletea watu niwashike mkono, wangu ameushika nani? Ngojeni niwe maiti ndipo mniletee mkeka!"

Yule mume mmenya machungwa aliacha kumenya, chungwa mkononi. Sista Fausta uso ulimshuka, akabaki anapepesa macho, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui mikono yake aiweke wapi.

Kisha akafanya jambo ambalo wauguzi wa wodi ile hawakuwa wakilifanya. Aliketi. Aliketi kwenye kile kiti cha plastiki, kapu akaliweka sakafuni. Mwenzake akamwita kutoka mlangoni, "Fausta! Dripu ya namba mbili imekwisha!" Naye akajibu bila kugeuka, "Nisaidie, dada. Nina mgonjwa."

Akamgeukia. "Unatapika mara ngapi?"

"Siku ya kwanza sihesabu. Siku ya tatu ndiyo mbaya."

"Unatapikia wapi?"

"Gesti."

"Na nani?"

Mama Lugano akalitazama kapu pale sakafuni. Machozi yalianza kumtoka, yale ya miezi mitatu, akawa analia bila sauti ili mgonjwa mpya asiogope. Hata hapo alikuwa anamlinda mwenzake.

"Nitapona?" akauliza.

"Sijui, mama," Sista Fausta akasema. "Hilo hata daktari hawezi kukuapia. Kutapika kule ninaweza kukupunguzia, dawa ya kuzuia inabadilishwa, ungesema ningekwenda kwa daktari siku ileile. Hapana, si ungesema. Ningeuliza. Nisamehe."

Akamshika mkono, ule usio na sindano. Mama Lugano akautazama mkono ule kana kwamba hajawahi kuona mkono wa mtu.

"Sweta nimelishika, Sista," akasema. "Ila kapu kitini halishiki mkono."

Mnaona? Haikutoka kwa mzee wa hekima wala kwa mwalimu. Ilitoka kwa mgonjwa anayefuta kamasi.

Siku hiyo Sista Fausta alimleta daktari, dawa ya kutapika ikabadilishwa. Akamfundisha kusukutua kwa maji ya chumvi, kunywa uji mwepesi kidogo kidogo badala ya kujilazimisha bakuli zima, na homa ikipanda asingoje, aje mbio. Akataka kumpigia Lugano. Mama Lugano akakataa, na Sista Fausta akasema sawa, siri ni yako. Hakumwomba aahidi kurudi. Akaandika tu namba yake ya simu.

Siku ya tatu, ile mbaya, Mama Lugano yuko gesti na ndoo yake, simu ikalia.

"Mama, ni Fausta. Umetapika mara ngapi?"

Mama Lugano akaifuta midomo. Alikuwa amezoea kusema sijambo. "Mara mbili," akajibu. "Na ninaogopa."

"Nipo," Sista akasema. "Ogopa tu, nakusikiliza."

Walikaa kwenye simu ile muda mrefu, hawakuwa na maneno mengi. Wiki hiyo ndiyo aliyomwambia Lugano kwamba si presha. Kijana alilia kama mtoto, akaomba ruhusa kazini, akaambiwa mpaka mwezi uishe. Kwa hiyo dripu ya tano ilikuwa bado haina mtu.

Nasi wodini hatukujua kama atakuja. Sista Fausta alikuwa ameshakwenda kwa Sista mkuu wa wakati ule wakavutana nusu siku nzima, mpaka sheria ikageuzwa: asiye na msindikizaji asirudishwe, na muuguzi aketi naye dripu inapoanza. Lakini asubuhi ile saa tatu ilifika, saa nne ikafika, kiti cha Mama Lugano kitupu. Sista Fausta anachoma sindano, anaangalia mlango. Nilipiga deki mahali pamoja mpaka pakang'aa.

Saa nne na nusu akaingia. Amedhoofu, kitambaa kichwani, mikono mitupu. Basi lilikuwa limeharibika njiani, kumbe! Akaketi. Sista Fausta akachukua kadi, akauliza kama sheria inavyotaka, "Msindikizaji wako yuko wapi, mama?"

Mama Lugano akainua uso. Wodi nzima ilikuwa inamtazama, shujaa wao.

"Sina," akasema kwa sauti. "Nimekuja peke yangu."

Sista Fausta akaandika: hana. Akavuta kiti, akaketi. Na hapohapo, kutoka pembeni dirishani, binti mmoja ambaye kiti chake kilikuwa na koti la kiume tangu mwezi uliopita, akalichukua lile koti akaliweka mapajani.

"Hata mimi sina," akasema.

Na bibi mmoja kule nyuma, mwenye kapu kubwa kuliko yote, kapu ambalo nililiomba radhi sijui mara ngapi: "Hata mimi, wanangu."

Halafu Mama Lugano akanyoosha mkono wake mwingine, akamwambia yule binti, "Sogeza kiti chako huku, mdogo wangu."

Basi ndiyo hiyo mliyoichekea asubuhi. Ondokeni sasa, saa ya dawa imefika, na mkaulize huko, msiandike tu. Kapu kitini halishiki mkono.